Hamu Ikigoma, Nenda Hivyo Hivyo

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Ana miaka 61, alilipia jimu ya mwaka mzima kwa mkupuo, akaenda kwa bidii miezi miwili, na sasa raba zake ziko chini ya kitanda. "Kaka, mwenzangu hamu unaitoa wapi?" Nimejikuta nacheka peke yangu. Ndugu yangu, hamu mimi sina. Asubuhi nyingi naamka magoti yamekaza, kiuno kinauma, na blanketi ni tamu kuliko kawaida. Nakwenda hivyo hivyo.

Niacheni nijisifu kidogo, maana kwa umri wetu ukisubiri kusifiwa utasubiri sana. Nina miaka 66. Mwezi uliopita niliinua kutoka sakafuni chuma kilichonizidi uzito, nikasimama nacho wima, viganja vinawaka kwa ile mikwaruzo ya kwenye kishikio, kisha nikakirudisha chini polepole bila kukibwaga. Wapo wanaobwaga vyuma ili watazamwe. Mimi nilitazamwa bila kubwaga.

Nilipoanza hali haikuwa hiyo. Nilikuwa nimestaafu, presha imepanda, daktari kaniambia nitembee kila siku na nitafute mazoezi ya nguvu. Nikaingia jimu na bukta mpya yenye mikunjo ya dukani. Mwalimu, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, akanitazama juu mpaka chini, akanionyesha baiskeli ya pembeni. "Babu, wewe zungusha hii taratibu tu, usije ukatuangukia hapa." Wenzake wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida cha vijana, lakini kiliniingia. Nikazungusha pedali huku nimeukodolea macho ukuta, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu inanichemka.

Hasira hiyo ilinisukuma wiki za mwanzo. Haikudumu, maana hasira ni kuni nyepesi, huwaka upesi na kuisha upesi. Kilichonibeba baada ya hapo ni ratiba: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 asubuhi, nijisikie nisijisikie. Nikajitafutia na mwenzangu, jirani aliyenizidi umri na mkali wa muda kuliko mimi. Ukijua mtu mzima amesimama nje anakungoja, huna nafasi ya kubembelezana na usingizi. Miezi ya katikati sitawachosha nayo, ilikuwa kwenda na kurudi tu.

Wengi wa rika letu wanaachia njiani kwa sababu wanatafuta mabadiliko kwenye kioo. Wiki za kwanza kioo hakina habari. Nguvu unazoziona mapema zinatokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli uliyonayo, na misuli yenyewe kujaa ni jambo la baadaye. Tena maumivu nayo yana vituko vyake: siku ya pili huuma kuliko siku uliyofanya mazoezi. Mtu anashuka ngazi ameshika ukuta, anajiambia mwili umekataa. Haujakataa. Punguza uzito, na siku yako ikifika, rudi.

Mimi kioo nimekiacha, najipima kwa kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, kaa, kunja mikono yako kifuani, kisha simama na kukaa kwa sekunde 30 ukihesabu kila unaposimama wima. Madaktari hutumia kipimo hicho hicho. Kwa miaka 60 hadi 64, mwanamume asiyefika mara 14 na mwanamke asiyefika mara 12 wako chini ya wastani. Ukilazimika kujisukuma kwa mikono, hesabu yako ni sifuri. Andika namba kwenye daftari, rudia mwezi ujao. Mara yangu ya kwanza namba ilinitia aibu hata mke wangu sikumwonyesha.

Halafu acheni kusema tumechelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 86 hadi 96, wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, waliofanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mtu wa miaka 90 anaongeza nguvu, wewe wa 61 unaniambia umri! Shirika la Afya Duniani nalo linatutaka sisi wa miaka 65 na kuendelea tufanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku 3 tuingize mazoezi ya nguvu na ya kujenga mizani ya mwili. Kutembea peke yake hakutoshi. Najua wengi hamtaki kulisikia hilo.

Kwa hiyo panga siku, na siku ikifika nenda. Ukikosa moja, nenda inayofuata, usianze kuomboleza. Siku ambayo mwili ni mzito kabisa, nenda upashe misuli moto dakika kumi, kisha ukitaka rudi nyumbani. Mara nyingi hutarudi. Ila kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, acha papo hapo ukamwone daktari, hapo hakuna ushujaa. Na kama unatumia dawa za presha au sukari, zungumza naye kabla hujagusa chuma.

Ndugu msomaji, kiti unacho hapo nyumbani. Pima leo jioni uniandikie namba yenyewe, hata kama ni nne, na usiiongeze chumvi. Nitakuuliza tena baada ya mwezi.