Gari inachemsha kwenye foleni tu? Anza na feni

Ndugu, umesema gari yako inachemsha kwenye foleni na kutulia ukishika mwendo barabara kuu, na unataka kununua thamostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda rejeta) na kufunga geji ya joto ya pembeni. Mimi ningeanza na feni kabla ya thamostati. Ukikimbia, upepo wenyewe unapoza rejeta. Ukisimama, kazi yote ni ya feni. Washa AC: kwenye magari mengi yenye feni ya umeme inapaswa kuzunguka. Kimya? Angalia fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Maji kagua injini ikiwa imepoa, usifungue rejeta ya moto.

Geji ya pembeni ni wazo zuri, maana nyingi za kiwandani mshale hubaki katikati hata joto likipanda kiasi. Ila sensa ya zamani (kifaa cha kiwandani kinachopima joto la injini) usiichomoe, kompyuta ya gari inaweza kuwa inaitegemea. Kwa sensa ya geji mpya, kata mpira wa juu wa rejeta, weka adapta (kiungo cha chuma) yenye tundu la sensa. Sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) kupitia chuma, na hapo imezungukwa na mpira, kwa hiyo fungia adapta waya wa ethi. Mimi nilisahau, nikashinda siku nzima nalaumu geji.