Maswali na majibu: Mita ya LUKU haijui nani kaacha pasi

Barua za safari hii zimejaa hofu ya nyimbo. Mmoja kapata onyo, wa pili kasikia mwenzake kapata, wa tatu nadhani kaota tu. Nimechagua chache. Wale mlioniuliza "programu gani nzuri ya kushusha muziki bure", mmegonga mlango usio wenu, kama mlivyougonga mara ya mwisho na ya kabla yake.

"Kampuni yangu ya intaneti imenitumia barua pepe kwamba tarehe 9, saa 02:14, kuna mtu alitumia BitTorrent, programu ya kugawana mafaili, kwenye laini yangu kugawa albamu nzima. Saa hizo nilikuwa nimelala fofofo. Niwaandikie wanasheria wa kampuni ya muziki niwaeleze ukweli?" (Msomaji, Columbus, Ohio)

Usiwaandikie. Hawakujui. Wanachokijua ni namba ya IP tu, ile ambayo laini yako hujulikana nayo mtandaoni, ndiyo maana onyo limepitia kwa kampuni yako badala ya kuja kwako moja kwa moja. Ukiwaandikia kwa jina lako ili ujitetee, utakuwa umewapa bure kitu ambacho vinginevyo wangelazimika kukiomba kwa jaji. Watu wanakamatika kwa adabu zao.

Halafu kaka, tazama pembeni ya hiyo 02:14 pameandikwa nini. Mara nyingi ni UTC, saa ya Greenwich. Huko Columbus, majira ya joto, hiyo ni saa nne na robo usiku wa tarehe 8. Ulikuwa umelala saa nne na robo? Sisi tunaosema saa mbili huku simu ikionyesha 8:00 tulipaswa kuwa watu wa mwisho kuchanganywa na saa. Kosa hilo hilo linaweza kufanywa na mfanyakazi wa kampuni anayetafuta jina. Namba za IP hupokezanwa: leo kwako, kesho kwa jirani. Akisoma saa vibaya, anatoka na jina la mtu asiye na habari.

Badilisha nywila ya waifai, waulize wa nyumbani, weka barua hiyo mahali usipoipoteza. Na jifunze kutofautisha onyo na barua ya aina ya pili, ile inayosema "tumepokea hati ya mahakama inayotutaka tutoe jina lako, una siku kadhaa za kupinga". Hiyo ya pili si ya kumwandikia mwandishi wa safu. Ni ya kumpelekea wakili asubuhi hiyo hiyo.

"Anwani ya IP si sawa na namba ya simu? Ikionekana, mhusika kajulikana." (Msomaji, Tabata)

Swali hili nimelijibu mpaka wino umekauka, lakini haya.

Unaishi Tabata, kwa hiyo nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU unaijua. Umeme umekwisha usiku wa manane, kila mpangaji anamtazama mwenzake. Namba ya mita itakwambia mita imesajiliwa kwa jina la nani. Haitakwambia nani kaacha pasi kwenye soketi. Pengine mwenye jina ni mzee aliyehamia Bagamoyo miaka minne iliyopita.

Ndivyo ilivyo IP. Inakupeleka kwenye ruta, na ruta inakupeleka kwa anayelipa bili. Nyuma ya ruta kuna watoto, shemeji aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miezi saba, na jirani aliyepewa nywila siku ya mpira. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule magharibi mwa Marekani ilisema hivyo hivyo katika shauri la filamu: mshtakiwa alikuwa na nyumba ya kulelea watu wazima, wakazi na wageni wakitumia intaneti yake, na majaji wakaamua kwamba kuwa mwenye mkataba pekee hakutoshi kumshtaki mtu. Ilichukua miaka kumi na mitano ya kesi kufika kwenye jambo ambalo mpangaji yeyote wa Tabata analijua.

"Enzi zile za Napster na Kazaa, kampuni za muziki zilipataje majina ya watu? Nani alizipa?" (Msomaji, Nairobi)

Hapa nitakaa kidogo.

Zote mbili zilikuwa programu za watu kugawana nyimbo mtandaoni. Napster yenyewe ilikuwa rahisi kuipiga: ilianza 1999, ikawa na mitambo yake ya kati, mahakama ikaibana na kufikia Julai 2001 ikazimwa. Kazaa na wenzake hawakuwa na kitovu cha kuzima. Basi RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, kikageukia wasikilizaji. Mwaka 2002 kikaitaka Verizon, kampuni ya intaneti, itoe jina la mteja mmoja wa Kazaa anayehusishwa na zaidi ya nyimbo 600. Silaha yao ilikuwa kifungu cha sheria ya hakimiliki ya 1998, DMCA, kinachoruhusu mwenye haki kujaza fomu, karani wa mahakama akagonga muhuri, na kampuni ikalazimika kutoa jina. Karani, si jaji! Hakuna shauri lililofunguliwa, hakuna mtu aliyepima kama madai yana kichwa wala miguu.

Verizon ikagoma. Januari 2003 jaji John Bates akaipa RIAA ushindi, na milango ikafunguka: hati zaidi ya elfu moja zikatoka mwaka ule. Tarehe 8 Septemba 2003 watu 261 wakashtakiwa kwa mpigo. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 12 wa New York; mama yake akalipa dola 2,000 yaishe. Mwingine alikuwa bibi wa Massachusetts aliyetuhumiwa kwa nyimbo za rapu za kihuni, ilhali kompyuta yake ilikuwa Mac ambayo Kazaa haikuweza hata kufanya kazi ndani yake. Shauri dhidi yake likaondolewa. Lakini jina lilikuwa limeshatolewa, na jina likishatoka halirudi.

Desemba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya Washington ikatengua uamuzi wa Bates. Watu husherehekea hukumu ile kama ushindi wa faragha. Isomeni. Majaji hawakusema faragha ya mteja ni kitu kitakatifu. Walisema kifungu kile kinamhusu anayehifadhi mafaili kwenye mashine zake, na Verizon ilikuwa bomba la kupitishia tu. Ushindi wa sarufi. Bunge lingebadilisha maneno mawili, tungerudi pale pale.

Baada ya hapo RIAA ikaanza kuwashtaki "fulani bin fulani". Januari 2004 wakafungua mashauri dhidi ya watu 532 wasiojulikana majina, kisha wakamwomba jaji amri ya kuyapata. Huo angalau ni utaratibu, japo mshtakiwa alikuwa akipata habari akiwa ameshachelewa. Hadi walipoacha, mwishoni mwa 2008, zaidi ya watu 30,000 walikuwa wamefikiwa, wengi wakalipa dola elfu kadhaa na kunyamaza, maana sheria inaruhusu dola 750 hadi 30,000 kwa kila wimbo, na hadi 150,000 kama umefanya makusudi. Mama mmoja wa Minnesota alikataa kunyamaza. Kwa nyimbo 24, jopo la raia la 2007 lilimtoza dola 222,000. Kesi ikarudiwa ikawa 1,920,000. Ikarudiwa tena ikawa 1,500,000. Mwaka 2012 rufaa ikairudisha 222,000. Hiyo ni dola 9,250 kwa wimbo ambao dukani ulikuwa haufiki hata dola moja na nusu.

Kanada, kwa kulinganisha, jaji alikataa mwaka 2004 kuzilazimisha kampuni za intaneti zitoe majina ya watu 29, kwa sababu ushahidi wa kuunganisha lakabu na namba za IP ulikuwa dhaifu. Kitu kidogo tu: jaji aliuliza "mmejuaje?" Ndicho ninachokidai miaka yote.

"Nikisikiliza muziki YouTube nitashtakiwa?"

Hapana.

"Nikinunua VPN niko salama?" (wasomaji watano)

Salama kwa nani? VPN inaficha IP yako kwa kukupitishia kwake, kwa hiyo umemhamishia siri yako mtu mwingine usiyemjua, na kama ni ya bure jiulize anakula nini.

"Mwanangu mkubwa ameshusha muziki hapa nyumbani, barua ya wakili imekuja kwa jina langu. Sitaki kumtaja. Sheria ya Kijerumani inanilazimisha?" (Mama, Hamburg)

Dada, umegusa jambo gumu, na pole. Ujerumani hawachezi: mwenye haki huomba amri ya mahakama, kampuni ya intaneti inatoa jina, kisha ofisi ya wakili inakutumia Abmahnung, barua ya onyo, yenye bili na karatasi ya kutia saini kwamba hutarudia. Usiitie saini kama ilivyo, maana ahadi ile inaweza kukufunga kwa miaka mingi. Wakili wako anaweza kuiandika upya.

Kuhusu mwanao, mahakama kuu ya haki za kiraia, BGH, imetembea hatua kwa hatua. Mwaka 2012 ilisema mzazi aliyemkanya mtoto wa miaka 13 hawajibiki kwa sababu tu mtoto hakusikia. Mwaka 2014 ikasema mwenye laini hana wajibu wa kumchunga mtu mzima wa familia yake kama hakuwa na dalili yoyote. Hadi hapo ungepumua. Lakini mwaka 2017 likaja shauri la wazazi wa Munich, albamu ya Rihanna, watoto watatu watu wazima. Wazazi walijua ni yupi. Wakasema hatumtaji. BGH ikasema: hamlazimiki kumtaja, ila msipomtaja mtalipa wenyewe. Wakalipa zaidi ya euro 3,000.

Kwa hiyo jibu ni kwamba kunyamaza kunaruhusiwa, ila kuna bei. Usiseme uongo kwamba hujui wakati unajua. Mahakamani hilo ni kosa jingine. Na huyo mkubwa, kama ana kazi, basi alipe yeye. Sikuulizwa hilo, lakini nimelisema.

"Hapa Mwanza naweza kukamatwa kwa kushusha nyimbo kwa bando la simu?" (Msomaji, Mwanza)

Kushusha au kuuza? Anayejaza watu nyimbo kwenye flashi stendi kwa malipo anavunja sheria ya hakimiliki ya 1999, na hahitaji kutafutwa kwa IP: kakaa pale na spika.

Wewe mwenye bando, kuna jambo la kiufundi. Kwenye mitandao ya simu IP moja hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja, hivyo namba pekee haimtambulishi mtu mpaka kampuni ichimbue kumbukumbu zake za dakika na sekunde. Ila usijidanganye. Laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole. Nilipokwenda kusajili yangu, wakala chini ya mwavuli alinishika kidole mara tatu kwa kuwa mashine ilikuwa ikikataa, kisha akapiga picha kitambulisho changu kwa simu yake mwenyewe, "kwa kumbukumbu". Nikamwambia aifute mbele yangu. Waliokuwa nyuma kwenye foleni walinitazama kama mkorofi.

Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019. Zote zinaacha mlango kwa taarifa kutolewa pale sheria inapotaka. Badala ya kuuliza kama utakamatwa kwa wimbo, uliza nani akibisha mlango huo kampuni yako itafungua, na kama utaambiwa.

"Nimepata ujumbe WhatsApp kwamba nimekutwa na nyimbo haramu, nitume faini kwa namba ya simu kabla ya saa sita. Nitume?"

Tapeli. Usitume. Mngapi mmeshatuma?

"Unawatetea wezi. Wasanii wanakufa njaa na wewe unaongea faragha." (Msanii, Mombasa)

Ndugu yangu, naijua njaa hiyo, na kazi yako ni mali yako. Lakini RIAA ni chama cha kampuni, si cha wasanii, na katika miaka yote hiyo ya kesi sijakutana na mwimbaji aliyenionyesha gari alilonunua kwa fidia ya binti wa miaka 12.

Tazama walikofuata baadaye: kampuni za intaneti zenyewe. Mwaka 2019 jopo la raia huko Virginia liliitoza kampuni ya Cox dola bilioni moja kwa kutowakatia laini wateja walioonywa. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikifuta kiasi hicho. Ila fikiria kampuni iliyotishwa na bilioni itafanya nini na mteja wa dola 60 kwa mwezi. Itamkata kwanza, imsikilize baadaye. Na laini hiyo ndiyo mtoto anayofanyia kazi za shule.

Mwizi ashtakiwe. Jaji aone ushahidi kwanza. Sioni ugumu wa kushika yote mawili.

"Nina nyimbo 4,000 nilizoshusha zamani kwa programu ya LimeWire, ziko kwenye diski. Nifute?" (Msomaji, Arusha)

Kama hujapokea barua yoyote, hakuna anayekutafuta; ukitaka futa, hutaki acha. Kama barua ya wakili imeshafika, usiguse kitu. Yule mama wa Minnesota diski yake ilibadilishwa baada ya kuonywa, na mahakamani diski mpya ilizungumzwa kuliko nyimbo.

Ila kabla ya yote fungua folda iliyokuwa ikigawa mafaili. Zamani, kwenye kibanda cha intaneti, niliandika neno "CV" badala ya jina la mwimbaji ndani ya programu moja ya kugawana nyimbo. Zikanitokea CV za watu kwa makumi, na picha moja ya pasipoti. Walidhani wanagawa muziki, kumbe waliteua folda nzima ya "Nyaraka Zangu". Angalia yako ilikuwa ipi.