Wekeni chini hiyo tubu ya silikoni

Jumamosi nilikuwa napita zangu Majengo, hapa Goma, natoka kumsalimia dada, nikakuta vijana wawili wamelala chini ya RAV4 ya zamani kwenye parseli (kiwanja) ya mama yao. Gari limekalia mawe ya volkano. Mmoja kauma tochi mdomoni, mwingine kashika tubu ya silikoni nyekundu iliyokamuliwa mpaka imejikunja kama ganda la ndizi. Wananijua, wananiita Yaya, yaani mkubwa wao. "Yaya, tumesha maliza, iko kavu sasa!" Nikachungulia. Ukingo wote wa karteri, lile bakuli la mafuta chini ya moteri, ulikuwa umevimba, silikoni imefura nje ya kila bulo (bolti). Nikawauliza mafuta yalikuwa yanatokea wapi. Wakaangaliana. Walikuwa wameona tone chini, wakafungua kilicho chini.

Nawaandikia nyinyi ambao ndio kwanza mmeingia garaji, na nyinyi mnaofungua gari la baba siku ya Jumapili. Kushika kle, yaani spana, mnajua. Mnachokifanya kabla ya kushika kle ndicho kinachoniumiza kichwa.

1. Gari litoke juu ya mawe. Jiwe letu lina matundu kama mkate. Linabeba ukuta vizuri, lakini ukilibebesha kona moja ya gari linaweza kupasuka bila hata kukohoa. Weka shandeli (stendi za chuma), na chini ya kriki (jeki) ubao mnene, kwa sababu parseli zetu hazina mahali pa tambarare. Huna shandeli? Kaazime. Mimi sina mgongo wa kumvuta mtu.

2. Osha moteri kwanza. Hii nimeisema mpaka watu wananiigiza sauti. Vumbi letu jeusi linashikamana na mafuta, basi moteri nzima inakuwa tope, na kwenye tope kila kitu kinaonekana kinavuja. Pensi (brashi ya rangi), mazutu (dizeli) kidogo, maji ya sabuni, funika altaneta na nailoni. Ikikauka, pulizia poda ya mtoto pale unapopashuku, iache ralanti, yaani inguruma bila kwenda, dakika 15, zunguka nayo mtaa mmoja, halafu chukua tochi uanzie JUU. Mafuta yanatelemka, na gari likitembea upepo unayasukuma nyuma. Kwa hiyo tone linaloanguka katikati ya gari lilizaliwa juu na mbele yake. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo nyumbani kwake, kule chini ni kituo cha basi tu.

Mara nyingi nyumbani kwake ni kashi-kilibiteri, kile kifuniko cha juu. Jwa yake, ambayo wenzetu wa Kenya na Uganda wanaiita gaskiti, inapikwa na joto miaka na miaka mpaka inakuwa ngumu kama plastiki ya ndoo. Ukiikunja inakatika. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja, kle ya 10, na bulo zinafungwa kwa nguvu ya kifundo cha mkono, siyo ya bega.

3. Silikoni. Hapa mtanivumilia.

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka mitatu kwenye garaji, ule umri ambao mtu anajua majina ya vyuma vyote na hajui kitu. Mjomba wangu alikuwa na Hilux ya moteri ya aina ya 2L, ya mazutu, akisomba kabichi kutoka Kibumba kuleta mjini. Ilikuwa inaacha tone la mafuta kila inapolala. Tone moja. Bakuli dogo chini yake lingetosha mwezi mzima. Lakini mjomba alikuwa ananisifu mbele ya watu kwamba ana fundi wa damu yake, na mimi nikataka kumwonyesha.

Sikuosha. Nikaona karteri imelowa, nikatoa karteri. Silikoni ya zamani niliikwangua kwa bisibisi, nikauchora chora ukingo ambao unatakiwa kuwa laini. Kisha nikaweka mpya. Toyota wenyewe wanasema uzi wa silikoni wa milimeta 3 mpaka 5, upite upande wa ndani wa matundu ya bulo, na ufunge ndani ya dakika 3 mpaka 5 kabla haijashika ngozi. Mimi niliweka unene wa kidole, mistari miwili kwa usalama, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikafunga. Tubu nzima. Na mpaka leo bado natubu.

Fikirini kidogo. Unapokaza bulo, silikoni iliyozidi inakwenda wapi? Nusu inatoka nje, hiyo unaiona, unaifuta kwa kidole na kujipongeza. Nusu nyingine inatoka ndani. Kule ndani hakuna kidole. Inaning'inia kama tambi, mafuta ya moto yanaipiga kila siku, mpaka siku moja inakatika. Na kwenye karteri kila kinachokatika kinakwenda sehemu moja: kwenye krepini, kile kichujio ambacho pampu inanyonyea mafuta.

Siku tisa gari lilikuwa kavu kabisa. Mjomba alininunulia suruali ya kazi. Siku ya kumi akanipigia simu akiwa kwenye mlima wa Kibati, anapanda kwenda kupakia. "Mutoto, hii taa nyekundu ya birika inawaka." Birika ni alama ya presha ya mafuta ya moteri. Nikamuuliza kama moteri inalia. Akasema hapana. Sasa sikilizeni nilichomjibu, kwa sababu nimekisikia tangu hapo kwenye midomo ya vijana wengi sana. Nilisema: "Ni sonda imezeeka, mjomba. Toa ule waya, taa itazima, endelea na safari."

Akatoa waya wa sonda, ile inayopima presha ya mafuta. Taa ikazima. Bila shaka ikazima, waya ukiwa nje taa itawakaje? Ile taa ilikuwa inaniita mimi kwa jina, na mimi nikaiziba mdomo.

Hawakufika Kibumba. Walirudi jioni wamefungwa kamba nyuma ya Fuso, na bieli, ule mkono wa pistoni, ilikuwa imegonga mpaka convoyeur (utingo) wake alisikia nyuma, juu ya bodi. Nilifungua karteri usiku huohuo kwa tochi ya simu. Krepini ilikuwa imejaa minyoo myekundu. Naiita minyoo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mirefu, laini, imesukana. Niliichomoa mmoja mmoja nikaipanga kwenye gazeti, sijui kwa nini, labda nilikuwa nataka kuihesabu ili nisitazame vilebreke, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kusine (beringi) za bieli mbili zilikuwa zimesagika, unga wake unang'aa kwenye mafuta kama rangi ya kucha. Vilebreke ikapelekwa ng'ambo ya mpaka wa nchi kusagwa, tukaweka kusine nene zaidi, za saizi ya 0.25, na mjomba akakaa wiki tano bila kazi kwenye msimu wa kabichi.

Na unajua uvujaji ulikuwa unatoka wapi? Tulipoosha moteri ili kuirudisha, tukaona: kona ya nyuma ya kashi-kilibiteri. Mafuta yalikuwa yanashuka nyuma ya bloki mpaka kwenye karteri. Jwa ya juu. Saa moja, kle ya 10.

Mjomba hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa juu ya bido (jerikeni) tupu, akaangalia ile minyoo kwenye gazeti, akasema: "Mi nilitoa ule waya juu ni weye ulisema." Basi. Suruali sikuivaa tena.

Kwa hiyo: silikoni ina mahali pake. Karteri nyingi za Toyota hazina jwa kabisa, zinataka silikoni. Uzi mwembamba, chuma kikavu kisicho na mafuta, kipanguse kwa petroli mara mbili, kisha iache ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye tubu kabla ya kumimina mafuta. Penye jwa ya mpira, weka jwa na silikoni chembe ya punje ya mchele kwenye pembe tu. Na taa ya birika ikiwaka, zima moteri. Kwanza zima, ndipo upige simu.

4. Filtre mpya: hakikisha ule mpira wa filtre ya zamani haukubaki umenata kwenye moteri, la sivyo mipira miwili itapandana na utapaka parseli nzima mafuta kwa dakika moja.

5. Bushoni ya vidanji, kile kizibo cha kumwagia mafuta ya zamani, inataka rondeli (pete ya chini yake) mpya, haitaki bomba la mita moja juu ya kle. Kuna jamaa wa Ndosho alikaza ya karteri ya aluminiamu mpaka uzi wa tundu ukatoka wote kama springi, akaufunga kwa nailoni na kamba ya baiskeli, akafika kazini, akarudi. Sijui Mungu alikuwa anafikiria nini siku ile.

6. Kabla ya kulaumu jwa yoyote, pulizia bomba la kupumulia la moteri. Likiziba, presha itasukuma mafuta nje hata kwenye jwa uliyoinunua leo asubuhi.

7. Tone likitokea kati ya moteri na gea, linuse kabla ya kushusha gea. Valvolini, yaani mafuta ya gea, ina harufu kali ya kiberiti, utaijua. Kama ni mafuta ya moteri, rudi namba 2, osha, panda juu kwanza, kwa sababu kona ya nyuma ya kashi-kilibiteri na jwaspi (sili) ya vilebreke zinadondoshea palepale. Nimeona gea ya Land Cruiser imeshushwa na watu wanne kwa kosa la jwa ya juu. Walikula sombe la mwenye gari siku mbili.

8. Mafuta machafu usimwage kwenye nyufa za mawe. Mji wetu umejengwa juu ya lava, kinachoingia kwenye nyufa kinatelemkia ziwani, na ziwani ndiko watu wanakochota na bido. Yaweke kwenye kopo; jirani mwenye nyumba ya mbao atayataka kwa kupaka mbao zisiliwe na wadudu.

Nilitaka kuongeza habari za jwaspi ya mbele, lakini simu imelia. Ni ujumbe wa sauti kutoka Majengo: "Yaya, taa ya birika inapepesa kidogo tu ku ralanti. Tutoe waya?"

Ngojeni nivae viatu.