Maswali ya Wasomaji: Seva Imechora, Kivinjari Kimekataa

SWALI: Programu yetu ya React (maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa) huchorwa kwanza kwenye seva. Ukurasa unatokea haraka, halafu orodha ya oda inapepesa na konsoli ya kivinjari inalalamika kwamba maandishi ya seva hayalingani na ya kivinjari. Kwenye kompyuta yangu ya kazi kosa hili silioni kabisa. Nianze kutafuta wapi?

JIBU: Anza na tarehe. Seva nyingi hufuata saa za UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), ilhali kivinjari hufuata saa za mtumiaji. Oda iliyowekwa saa 22:30 UTC tarehe 14, kwa mtu aliye saa tatu mbele ni ya tarehe 15. Kwenye kompyuta yako seva na kivinjari vinasoma saa ya mashine moja, ndiyo maana kosa linajificha. Washa seva ya majaribio kwa TZ=UTC (mpangilio wa ukanda wa saa), na kama mashine yako yenyewe iko UTC, chagua ukanda mwingine wowote. Kosa litajitokeza.

Kwa nini React inajali tofauti ndogo hivyo? Kwa sababu haidresheni, yaani kuipa uhai HTML ya seva ndani ya kivinjari, haichori ukurasa upya. React huendesha komponenti (vipande vya programu vinavyochora ukurasa) zilezile kwenye kivinjari, hupita juu ya HTML iliyokwisha kufika, na kuunganisha kila kitufe na kazi yake. Inategemea kwamba mchoro wa kwanza wa kivinjari utakuwa sawasawa na wa seva. Tangu React 18, maandishi yakipishana, HTML ya seva hutupwa kuanzia Suspense (mpaka wa React unaozunguka sehemu ya ukurasa) ya karibu iliyo juu ya kosa, na kama hakuna Suspense, hutupwa ya programu nzima. Kisha sehemu hiyo huchorwa upya. Huko ndiko kupepesa unakokuona, na kazi ya seva imekwenda bure.

Dawa yake ni kuitajia Intl.DateTimeFormat (kiandishi cha tarehe cha JavaScript) lugha na timeZone waziwazi, pande zote mbili. Ikiwa ni lazima kuonyesha saa za mtumiaji, chora kwanza ya UTC, kisha ibadilishe ndani ya useEffect (kazi ya React inayoendeshwa baada ya kuchora), kwa kuwa useEffect haiendeshwi kwenye seva.

Tarehe zikiwa salama, kagua vingine vinavyotoa matokeo tofauti kila upande: Math.random(), Date.now(), kusoma localStorage (hifadhi ya kivinjari) wakati wa kuchora, na masharti ya typeof window. Vitambulisho vya vipengele vitolewe na useId, kazi ya React inayotoa kitambulisho kilekile pande zote mbili. Usisahau HTML yenyewe: ukiweka div ndani ya p, kivinjari huifunga p mapema, ukiweka tr moja kwa moja ndani ya table, kivinjari huongeza tbody ambayo React haikuitarajia. Makosa ya aina hii huchosha watu siku nzima, maana data yote iko sahihi.

Kuhusu suppressHydrationWarning, tunakushauri uiogope kidogo. Hunyamazisha onyo la kipengele kimoja tu, bila kugusa vilivyomo ndani zaidi, na maandishi yaliyokosea hayarekebishwi.

SWALI: Seva inaomba data na kuchora ukurasa, kisha kivinjari kinaomba data ileile tena. Nizuieje?

JIBU: Data isafiri pamoja na HTML. Seva ikishachora, iandike data iliyotumia ndani ya tagi ya script, juu ya skripti ya programu. Kivinjari kiisome hapo na kuikabidhi kwa komponenti kabla ya kuita hydrateRoot, kazi inayoanzisha haidresheni.

Hapa pana hatari kubwa. JSON.stringify, inayogeuza data kuwa maandishi ya JSON, haigusi herufi za </script>. Mtumiaji akiziandika kwenye maoni yake, zitafunga tagi yako, na chochote alichoweka baada yake kitasomwa kama HTML, hata skripti ya kuiba. Badilisha kila alama ya <:

JSON.stringify(data).replace(/</g, '\\u003c')

JSON inabaki halali na thamani haibadiliki. Kumbuka pia kwamba JSON haibebi kila kitu: Date hugeuka maandishi, sehemu yenye undefined hutoweka, Map huwa {} tupu, na BigInt hutupa kosa papo hapo. Geuza tarehe kuwa maandishi kwenye seva kabla ya kuchora, ili pande zote zianze na kitu kimoja.

Tuma yale tu ambayo ukurasa unayatumia. Yeyote anaweza kufungua chanzo cha ukurasa akayasoma, kwa hiyo rekodi nzima ya mtumiaji kutoka hifadhidata isipite hapo. Tena maandishi yaleyale yanasafiri mara mbili, kwenye HTML na kwenye JSON. Next.js, mfumo uliojengwa juu ya React, hutoa onyo data ya ukurasa ikizidi kB 128.

Ikiwa unatumia TanStack Query (maktaba ya kuomba data), staleTime yake, yaani muda ambao data huhesabiwa bado mbichi, kwa kawaida ni 0: data huhesabiwa imechakaa papo hapo na kuombwa upya. Weka mathalani milisekunde 60000, yaani dakika moja.

SWALI: Mteja ameona jina la mteja mwingine kwenye ukurasa wake. Inawezekanaje?

JIBU: Zima uchoraji wa kurasa hizo kwenye seva sasa hivi, kabla ya kuendelea kusoma. Moduli (faili ya msimbo) ya Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, hupakiwa mara moja na kuhudumia maombi yote. Hali ya programu iliyotangazwa juu ya faili ni ya kila mtu. Iunde ndani ya kazi inayopokea ombi, mpya kwa kila ombi. Kurasa zenye taarifa binafsi zipe kichwa cha HTTP Cache-Control: private, no-store, ili zisihifadhiwe. Kupima, tuma maombi mawili kwa pamoja yenye kuki tofauti, huku ukichelewesha data ya moja kwa ms 500.

SWALI: Kitufe kinaonekana, lakini sekunde za mwanzo hakiitiki.

JIBU: Kabla ya haidresheni, hicho ni picha ya kitufe. Tumia form na viungo halisi, vinavyofanya kazi hata bila JavaScript. Kisha gawa ukurasa kwa Suspense na uchore kwa renderToPipeableStream, inayotuma HTML kipande kwa kipande, badala ya renderToString, ambayo haisubiri data ya Suspense. Hapo React huunganisha sehemu mojamoja, na ile aliyoibofya mtumiaji hupewa nafasi ya kwanza.