Turbo kubwa isubiri: barua kwa mwanangu

Malaba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama yako limepata nafuu, na kila siku lazima akutaje. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Unasema Subaru Impreza yako, ile WRX ya 2001, huu ni mwezi wa kumi na moja iko uani kwa fundi kule Ndeeba, Kampala. Injini uliyonunua ya nozikati, yaani ya gari lililokatwa pua Japani na kuletwa huku, imelazwa juu ya tairi kuukuu, na mfukoni umebakiwa na shilingi milioni tano. Unaniuliza ununue nini kwanza na nini kisubiri, ili gari litembee kabla ya Krismasi. Halafu ukaongeza kwa sauti ya chini kwamba Kisekka, kule soko la vipuri, umeonyeshwa turbo kubwa, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, na mwenyewe anaitaka milioni mbili na nusu.

Turbo hiyo iache kwanza, mama. Acha nikukumbushe jambo ambalo ulikuwa mdogo kulielewa.

Mwaka uliokuwa darasa la sita, lori letu lilianza kutoa moshi wa samawati tulipokuwa tukitoka Bugiri na mzigo. Fundi akasema turbo imekufa. Nikanunua nyingine kwa pesa za ada yako, ikafungwa, ikafanya kazi siku kumi na mbili, nayo ikafa. Safari hii nilimpelekea mzee mmoja fundi wa dizeli pale Iganga. Hakuishika turbo kabisa. Alifungua kijibomba kinacholeta oili kwenye turbo, akakitia mdomoni akapuliza. Upepo haukupita. Akakikata kwa msumeno wa chuma, akanikabidhi vipande viwili. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi, mgumu kama wa sufuria ya ugali, na katikati tundu la kupita sindano. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoibeba ni utando mwembamba wa oili. Ile ya kwanza ilikufa kwa kiu, na ya pili nikaiua mimi kwa kiu hiyohiyo, kwa sababu nilikimbilia kununua kabla ya kuuliza. Ulikaa nyumbani wiki tatu muhula ule. Sijasahau ulivyokuwa ukisimama mlangoni wenzako wakipita na mabegi.

Ndiyo maana pesa yako ya kwanza nataka iende kwenye kupima. Ni pesa kidogo sana. Injini ikiwa bado chini, mwambie fundi aingize upepo wa kompresa kwenye silinda moja moja, valvu zikiwa zimefungwa, na wewe mwenyewe uinamishe sikio. Upepo ukisikika kwenye ekzosti, valvu haikai vizuri. Ukitokea kwenye mdomo wa kumiminia oili, ringi zimechoka au pistoni imepasuka. Ukiona mapovu kwenye njia ya maji, gasketi ya hedi imekwenda. Silinda ya 4 isikilize mara mbili, maana kwenye injini hizi za Subaru hiyo ndiyo huumia mara nyingi. Kisha fungueni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pitisha kidole chini yake, ukitazame juani: kikimeremeta kama kimepakwa unga wa shaba, beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zinakuaga, na bajeti yote inabadilika. Humohumo sampuni kuna bomba la kufyonza oili. Angalia pale lilipounganishwa, kwa sababu hupata ufa pale, na ufa mdogo tu unatosha pampu ifyonze hewa badala ya oili.

Tuseme injini ni nzima. Nusu ya pesa yako naiona hapo hapo, wakati injini iko nje, kwenye vitu ambavyo kuvifikia baadaye ni kuishusha tena. Mkanda wa taimingi na roli zake zote, tensha, na pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huohuo. Hivyo nunua vipya, tafadhali. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hakuna tena cha kuokoa. Hujui ule uliokuja nao ulitembea kilomita ngapi Japani, hata ukionekana mzuri. Sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe. Nyuma ya flaiwili kuna kifuniko kidogo cha oili. Kama chako ni cha plastiki, tafuta cha chuma, kwa kuwa cha plastiki hujikunja kwa joto na kuvujia kwenye klachi. Klachi yenyewe ipime unene sasa. Ikiwa imebaki nusu, ibadilishe bila kujadiliana.

Rejeta pia. Zile za matangi ya plastiki hupasuka pale plastiki inapokutana na bati, hasa kwenye gari lililokaa mwaka mzima bila maji. Hosi zote za maji, na thamostati mpya. Foleni ya kutoka Ndeeba hadi mjini unaijua, gari limesimama jua likiwa utosini. Injini ya turbo haivumilii hapo kama feni moja haizunguki.

Mabomba ya oili ya turbo uyafungue, uyapulize kama yule mzee. Baadhi ya injini za Subaru zina kijichujio ndani ya bolti inayoshika bomba hilo, kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, na watu wengi hawajui kama kipo. Kikiziba, turbo inakufa. Kitafute, ukikikuta kioshe au ukibadilishe. Nitakuuliza kwenye simu kama umefanya hivyo.

Sasa nirudi kwenye turbo kubwa, najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Turbo kubwa haiji peke yake, huja na ukoo wake. Ikisukuma hewa zaidi, injini inataka petroli zaidi, kwa hiyo injekta kubwa na pampu ya tangi yenye nguvu. Halafu kompyuta ya injini iandikwe upya na mtu anayejua kazi, mbele ya kipimo cha hewa na petroli. Hewa ikizidi petroli wakati turbo inasukuma, joto linapanda, injini inagonga, na pistoni za kiwandani zinavunjika pale ringi zinapokaa. Ni suala la sekunde. Na nguvu ikishapatikana, klachi inateleza na breki zinakuwa ndogo. Milioni mbili na nusu ni mlango tu.

Kuna na hili la hapa kwetu. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu wa karibu asilimia 13. Turbo inalazimika kuzunguka kwa nguvu zaidi kutoa presha ileile. Ile ndogo iliyokuja na gari huamka mapema, na kwa barabara zenye matuta kila mita mia utaifurahia kuliko kubwa inayosubiri injini ipige kelele ndipo iamke. Gari hilo pia lilipangiwa petroli ya Japani yenye oktani ya juu, yaani isiyoligongesha injini upesi. Jaza iliyo bora unayoweza kupata pampuni, na usimruhusu mtu akupandishie presha hata kidogo kwa mwaka wa kwanza.

Kama ndogo yako imechoka ukalazimika kutafuta nyingine kama hiyo Kisekka, usiinunue ikiwa kwenye nailoni. Shika shafti kwa vidole viwili. Ikitikisika kidogo sana upande kwa upande haina neno, kwa sababu oili haimo. Ikienda mbele na nyuma hata unywele, irudishe mezani. Tazama ncha za mapanga: ziwe kali na zisiwe zimekwaruza nyumba yake. Ukishakubali, muulize muuzaji ilitoka kwenye gari la namna gani. Atakachojibu hakina uzito, ila utamwona usoni.

Vitu vya mtumba visikutishe vyote. Intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo), gia boksi, kalipa za breki, milango, hata rejeta ikiwa ya aluminiamu nzima, nunua vya mtumba na upunguze bei bila haya. Intakula ioshe kwa petroli mara mbili kabla ya kuifunga, maana kama turbo ya mwenye nayo wa kwanza ilivunjika, vipande vyake bado vimelala humo. Lakini gasketi, sili, mikanda, beringi na padi za breki viwe vipya, kutoka kwa mtu atakayekuandikia risiti.

Breki na tairi, milioni moja, na hiyo haiguswi kwa jambo lingine. Nakwambia haya kama mtu aliyebeba mizigo kwenye barabara ya Jinja miaka ishirini na miwili na kuona mengi kando yake. Tairi nne za aina moja, kwa sababu gari lako linavuta kwa magurudumu yote, na tairi zikitofautiana ukubwa unaichosha difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Rimu, spoila, na ile valvu ya kupuliza pshaa ukiachia mafuta, hapana. Valvu hiyo kwenye gari lako inaleta shida kabisa: kompyuta imeshapima hewa na kuitolea petroli, halafu wewe unaimwaga nje.

Laki tano ziache benki. Siku injini inarudi mahali pake patakosekana klipu, bolti itakatika, waya wa sensa utakuwa umetafunwa na panya. Magari mengi niliyoyaona yamefia uani yalikosa laki tano za mwisho, na wenyewe walikuwa wameshamaliza kila kitu kikubwa.

Kesho asubuhi nampa dereva wa basi kifurushi chako. Ndani kuna toki renchi yangu, ile ya sanduku jekundu, na geji ya kupimia presha ya oili niliyotumia kwenye lori. Geji ifunge kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Katisha umeme wa pampu ya petroli, piga staata mpaka uone mshale umepanda na umetulia, ndipo uruhusu petroli. Ukishawasha, usiende popote. Iache ipate joto ukisikiliza, uzime, umwage oili hiyo, na uikate filta uitazame ndani.

Ila kuwasha kwenyewe, nakuomba unisubiri. Nitakuja na basi la usiku, nifike alfajiri. Nataka niwe nimesimama karibu na injini wewe ukiwa kwenye usukani. Ukikipokea kifurushi nipigie, uniambie silinda ya 4 ilisema nini.

Ni mimi baba yako.