Mhasibu amechelewesha hesabu za kampuni ya marehemu mume wangu: je, kumkata ujira ni riba?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane, naishi Mombasa, na nina watoto watatu wadogo, mvulana mmoja na wasichana wawili. Marehemu mume wangu alikuwa na nusu ya kampuni ya vifaa vya ujenzi pamoja na ndugu yake, na Kadhi ameniweka msimamizi wa mali ya wanangu. Tarehe 1 Machi nilimpa mhasibu, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu, mafaili ya mwaka ulioisha Desemba, tukakubaliana Sh120,000, nikamlipa nusu. Aliniandikia mwenyewe kwenye simu kwamba asipomaliza ifikapo tarehe 30 Aprili nimkate Sh2,000 kwa kila wiki. Leo ni tarehe 3 Septemba na hesabu hazijakamilika. Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) imetutoza faini ya Sh20,000, na mirathi imesimama. Nikimpigia anasema kesho. Mhadhiri mmoja ameniambia kwamba kumkata hata shilingi ni riba, na kwamba nisubiri na kusamehe. Nakiri kwamba taarifa za benki nilichelewa kumpa mpaka tarehe 11 Juni, kwa kuwa nilikuwa katika eda na mambo yalinizidi. Nifanye nini?

JAWABU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akukunjulie kifua. Swali lako limenishughulisha kuliko mengi yanayonifikia, kwa sababu jibu ulilopewa limekutwisha subira ambayo kwa sehemu kubwa si yako kuitoa.

Nianze na hilo la riba. Riba ya wakati wa ujahilia, ambayo Qurani imeiharamisha, ilikuwa ni deni kufikia muda wake, mdai akamwambia mdaiwa: ima ulipe, ima uongeze. Ongezeko lilitokana na fedha iliyo katika dhima ya mtu, na muda ndio uliouzwa. Mhasibu wako hadaiwi fedha, anadaiwa kazi. Anayesema kwamba mambo haya mawili ni mamoja amechukua hukumu ya deni akaivika ujira, kisha akawaogopesha watu kwa neno zito ambalo halikustahili kutajwa hapa. Imamu Bukhari amepokea katika mlango wa masharti kwamba mtu mmoja alimwambia mwenye wanyama wa safari amtayarishie, na kwamba asiposafiri naye siku fulani atampa dirhamu 100; siku ikafika hakusafiri, na Kadhi Shurayh akahukumu kwamba aliyejiwekea sharti kwa hiari yake, bila kulazimishwa, sharti hilo linamlazimu. Tazama lilivyo karibu na ujumbe aliokuandikia mhasibu kwa mkono wake.

Wanazuoni wa zama zetu nao hawakuliacha wazi. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililipitisha sharti la faini ya ucheleweshaji mwaka 1394 Hijria, na Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikata shauri mwaka 2000, katika kikao chake cha Riyadh, kwamba sharti hilo linafaa katika mikataba yote ya mali isipokuwa ile ambayo wajibu wake wa asili ni deni. Na deni ndilo hasa alilolisikia mhadhiri wako, akalieneza kwenye kila kitu.

Huenda akakwambia kwamba sisi ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwamba Imamu Nawawi amesema katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kuwa kukusanya kazi na muda katika ijara (mkataba wa kuajiri) moja, kama kumwajiri mtu ashone nguo hii mchana wa leo, hakusihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ni kweli amesema, na walioisherehesha Minhaj wakabainisha kwamba ikiwa kinachokusudiwa ni kazi, na muda umetajwa kwa ajili ya kuhimiza tu, hakuna ubaya. Ninyi mlikusudia hesabu zikamilike. Hamkumwajiri kwa siku. Wala Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka haikugusi, kwa kuwa ile ya Bukhari, ambamo Mwenyezi Mungu anasema atakuwa hasimu wa watu watatu, inamtaja mwenye kumwajiri mtu “akamaliziwa kazi” kisha asimpe ujira wake. Hapa kazi haijamalizwa.

Ama kusamehe, fungu lako ni lako na ukilisamehe una ujira kwa Mola wako. Lakini fungu la mayatima halisamehewi na msimamizi. Aliyekwambia “samehe tu, dada” alikuwa mkarimu kwa mali ya watoto ambao hawajabaleghe.

Hata hivyo, kuna aya ambayo inabidi tuisome sote wawili, mimi na wewe. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu anasema: “walaa yudhaarra kaatibun walaa shahiid.” Wafasiri wameisoma kwa njia mbili: mwandishi asidhuru, na mwandishi asidhuriwe. Mhasibu ndiye mwandishi wa leo, na aya inamkamata kwa upande mmoja na kukukamata wewe kwa upande wa pili. Hesabu haziwezi kufungwa bila taarifa za benki. Kuanzia 30 Aprili mpaka 11 Juni ni wiki sita, na wiki hizo kazi ilikwamia kwako. Udhuru wako naujua na hakuna anayekulaumu, lakini udhuru wako haumwongezei yeye deni. Zitoe. Zinabaki wiki 12, yaani Sh24,000, na ningependa umwachie angalau wiki mbili za kuzipitia taarifa hizo, kwa hiyo Sh20,000. Wala usimkate tena faini ya KRA juu ya hizo, kwani kukata mara mbili kwa madhara mamoja ni dhulma. Iwapo atathibitisha kwamba alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, kama maradhi, basi hata hizo zinaporomoka.

Usimwite kwa simu tena. Nenda na shemeji yako mpaka ofisini kwake, mmuulize ni karatasi gani bado anaisubiri, ayaandike mapungufu yote kwenye karatasi moja, na mpeane siku. Wahasibu wengi huona haya kukiri kwamba hesabu zimewashinda, hasa walipokuwa marafiki wa marehemu, na “kesho” huwa ni haya kuliko ujanja. Siku hiyo ikipita, uvunje mkataba, umlipe kwa kiasi cha kazi aliyoifanya kama wanavyokadiria wenye fani, na akurudishie kilichozidi katika malipo ya awali. Mafaili ni amana, na ayarudishe siku hiyo hiyo. Akikataa, kumshtaki kwa chama cha wahasibu si kusengenya, kwani Hindu binti Utba alimlalamikia mumewe mbele ya Mtume (S.A.W.) na hakukatazwa.

Mirathi isisubiri hesabu. Ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, hisa zake zigawe mafungu 32: manne yako, 14 ya mvulana, na saba kwa kila msichana. Mgao wa hisa hauhitaji kujua thamani yake. Thamani utaihitaji siku shemeji yako atakapotaka kuzinunua, na siku hiyo usikubali bei yoyote kabla ya hesabu kukamilika.

Zaka nayo haimsubiri mhasibu. Mwaka wa Hijria ukitimia, hesabuni bidhaa za dukani kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo, mjumlishe fedha taslimu na madeni mnayotarajia kulipwa, mtoe asilimia mbili na nusu, pamoja na fungu la watoto.

Wallaahu aʿlam.