Kwa mwalimu mpya aliyekabidhiwa klabu ya mazingira

Ukipangiwa skuli huku Pemba na mwalimu mkuu akakupa klabu ya mazingira, usianze na miche. Najua hupendeza kwenye picha, wageni na majembe yao. Lakini mche wa Novemba unakutana na likizo ya Disemba, kaskazi na jua kali, na wa kuumwagilia hayupo. Ngoja masika, Machi hadi Mei, mvua ikufanyie kazi.

Wa mwanzo kukaa nao ni mfagiaji na mlinzi. Wanajua mfereji upi unavuja na taka zinachomwa wapi. Waite kwenye kikao, na wasemaji wawe wao.

Halafu kuna suala la mikondo. Skuli ikiingia asubuhi na mchana, klabu ya watoto wa asubuhi peke yao haifiki mbali: wao watatenga taka, wa mchana watazichanganya, kisha kila upande umlaumu mwenzake. Chagua wajumbe wa mikondo yote miwili, wakabidhiane wakati wa kupokezana madarasa, hata kwa dakika chache. Ni kazi ngumu kuliko zote, na sijaona semina inayoitaja.

Taka za uwanjani nyingi ni vifuko vya ubuyu na malai. Nenda kwa wauzaji wa nje ya geti, lakini si kwa amri. Wengine ni mama wa wanafunzi wako. Ukiwaomba pipa likae karibu na meza zao, utasikilizwa.

Kuvuna maji ya mvua kutoka paani kufundishe kwa hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Wape watoto utepe wapime banda chini, kutoka ukingo wa paa hadi ukingo. Likiwa mita 20 kwa 8, mvua ya milimita 10 inaleta lita 1,600, ukitoa zinazomwagika. (Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.) Waliopiga hesabu hiyo wenyewe ndio watakaomsumbua mwalimu mkuu kuhusu mlizamu (mfereji wa kukinga maji ya paa) uliotoboka. Waache wamsumbue.

Daftari la klabu likae ofisini, si mkobani mwako. Ukihamishwa katikati ya mwaka, anayekuja akute vipimo vya paa, majina ya wajumbe na zamu za kumwagilia.